Safari ya Kutoka Meru Hadi Pwani ya Unguja



Wewe unayekaa Akheri, Poli, Nkoaranga, Ng'iresi au mjini Arusha umezoea kutazama juu. Ukitoka nje asubuhi unauangalia Mlima Meru. Kilele kikifunikwa na wingu zito, unajua kuwa nguo hazianikwi leo. Kilele kikiwa wazi, unajua kuwa kahawa inaweza kukaushwa juani. Hakuna aliyekuandikia habari hizo. Umejifunza kuusoma mlima tangu utoto.

Leo tutajifunza kusoma kitu kingine. Tutateremka mpaka mahali ambapo nchi inakwisha na bahari inaanza. Tutavuka maji na kwenda kutembea katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja.

Huenda utasema, "Kutembea kwa kujifurahisha ni mambo ya wageni." Kweli, kila siku unaona magari ya watalii yakipita Usa River kwenda Momella au kwenye mbuga nyingine. Lakini Unguja ni sehemu ya nchi yako. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Mtu aliyeuza kahawa yake vizuri, au mwenye ndugu Dar es Salaam wa kumpokea, anaweza kuifanya safari hii walau mara moja katika maisha yake. Na hata usipokwenda mwaka huu, ni vizuri kuijua nchi yako.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:

1. Kusafiri kwa usalama.
2. Kuisoma saa ya bahari.
3. Kupita kwa heshima katika shamba la mwenzako.

KUJIANDAA

Kwanza, chagua wakati. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Wakati huo wewe uko shambani, na huko pwani mvua ni nyingi. Miezi ya Januari na Februari ni ya jua kali, na upepo uvumao ni wa kaskazi. Kuanzia Juni mpaka Septemba huvuma upepo wa kusi. Hali ya hewa huwa ya baridi kidogo, lakini bahari huweza kuchafuka.

Pili, funga mzigo mdogo. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi. Pwani ni joto mchana na usiku. Koti lako zito liache nyumbani. Chukua nguo nyepesi, kofia au kanga ya kujifunika kichwa, chupa ya maji, na viatu vya mpira vya kuvalia majini. Baadaye utaona faida ya viatu hivyo.

Tatu, chukua kitambulisho chako. Utatakiwa kukionyesha unapokata tiketi ya boti. Fedha zako usiziweke zote mahali pamoja.

NJIANI

Basi la kwenda Dar es Salaam huondoka Arusha alfajiri. Safari ni ya zaidi ya kilomita 600. Utapita Moshi, halafu Same, ukiiona milima ya Upare upande wa kushoto. Utapita Mombo na Korogwe chini ya milima ya Usambara. Kila unapoteremka, joto linaongezeka. Migomba inapungua, mikonge inaonekana, na mwishowe utaona minazi.

Ukifika Dar es Salaam, lala. Boti utaipanda siku ya pili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa kusoma kwako kutakuwa na kazi. Kata tiketi yako dirishani, ofisini. Usimpe fedha mtu anayekufuata barabarani. Ukipewa tiketi, usiitie mfukoni mara moja. Isome. Angalia jina lako, tarehe na saa.

Saa katika tiketi huandikwa kwa mtindo wa kimataifa. Siku katika mtindo huo huanza usiku wa manane. Sisi twahesabu kutoka jua linapochomoza. Kwa hiyo tiketi ikiandikwa 07:00, maana yake ni saa moja asubuhi. Ikiandikwa 12:30, ni saa sita na nusu mchana. Njia ya kukumbuka ni rahisi. Saa za mchana, toa sita katika saa iliyoandikwa:

07:00 toa sita = saa 1 asubuhi
10:00 toa sita = saa 4 asubuhi
16:00 toa sita = saa 10 jioni

Mtu asiyejua hesabu hii hukuta boti imeondoka. Hasara yake ni nauli. Lakini mbele kidogo utaona kwamba kosa hili hili, likifanywa ufukweni, hasara yake huweza kuwa uhai.

KATIKA BOTI

Boti ziendazo kasi huchukua karibu saa mbili kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Kama hujawahi kupanda chombo cha bahari, usile chakula kingi kabla ya kuondoka. Keti katikati ya chombo, mahali ambapo hapayumbi sana. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Usitazame chini. Ukitapika, usione haya. Wengi hutapika.

Ukishaketi, fanya mambo mawili. Tazama maboya ya kuvaa yako wapi. Tazama mlango wa kutokea uko wapi.

Na kama chombo kimejaa kupita kiasi, usipande. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kuliko uwezo wake. Mamia ya watu walikufa. Ni afadhali kuchelewa siku moja kuliko kutofika.

KUFIKA UNGUJA

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa karibu kilomita 85 kutoka kaskazini hadi kusini. Mji wa Zanzibar uko upande wa magharibi, unaotazama bara. Sisi tunakwenda upande wa pili, mashariki, unaotazama bahari kuu. Huko viko vijiji vya Chwaka, Uroa, Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi. Daladala hutoka mjini kwenda huko kila siku.

Barabara ya kusini hupita kando ya msitu wa Jozani. Pengine utawaona kima punju mitini. Wewe umezoea mbega wa Meru, weusi wenye manyoya meupe marefu. Kima punju wa Unguja wana rangi nyekundu mgongoni. Kwa asili ni wa Zanzibar tu, hakuna kwingine duniani walikotoka.

Baada ya msitu ardhi hubadilika. Udongo unakuwa haba na mawe yanakuwa mengi. Mkulima wa Meru hujiuliza, "Watu hawa wanalima wapi?" Jibu la swali hilo liko mbele yako. Sehemu kubwa ya shamba lao iko chini ya maji.

BAHARI INA ZAMU

Umefika Paje au Jambiani. Unaona mchanga mweupe kama unga. Unaona minazi, na ngalawa zimelala pembeni. Mbali kule kwenye maji unaona mstari mweupe. Huo ni mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa hupasuka pale. Kati ya mwamba na ufuko maji huwa matulivu.

Ukifika saa ambayo maji yamejaa, bahari iko karibu na milango ya nyumba. Ukifika saa ambayo maji yamepwa, utashangaa. Bahari imekwenda! Unaweza kutembea kwa miguu kilomita nzima, hata zaidi, kuelekea kwenye mwamba. Mahali ambapo jana ngalawa zilielea, leo watu wanatembea na ndoo.

Jambo hili lisikutishe. Unalifahamu kwa namna nyingine. Kule nyumbani maji ya mfereji hayaji shambani kwako kila saa. Yanakuja kwa zamu. Leo ni zamu ya jirani, kesho ni zamu yako. Asiyeijua zamu yake hukuta maji yamepita na migomba imekauka. Bahari nayo ina zamu. Tofauti ni kwamba mfereji husimamiwa na wazee, na bahari husimamiwa na mwezi.

Mwezi huyavuta maji ya bahari. Jua nalo huyavuta, lakini kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo, katika mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni muda wa zaidi kidogo ya saa sita. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni vivyo hivyo.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa pamoja. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini hapa Unguja hufikia karibu mita nne. Hicho ni kimo kinachozidi nyumba ya kawaida ya kijijini. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo huitwa maji mafu.

Kwa hiyo, usiku ukiwa Jambiani, tazama juu kama ulivyozoea nyumbani. Safari hii hutazami kilele. Tazama mwezi. Ndio utakaokuambia bahari ya kesho.

TUHESABU PAMOJA

Zamu ya bahari haiji saa ile ile kila siku. Huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku mpya. Tuseme kwamba leo, siku ya bamvua, maji yamefika mwisho wa kupwa saa 4:00 asubuhi. Kesho yatafika mwisho huo karibu saa 4:50. Kesho kutwa yatafika karibu saa 5:40.

Na leo yatajaa lini? Hesabu saa sita na dakika kidogo kutoka saa nne. Jibu ni saa 10 na dakika kidogo za jioni.

Katika nyumba nyingi za wageni kuna karatasi ukutani. Ni jedwali la maji. Linaonyesha tarehe, saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Saa zake zimeandikwa kwa mtindo wa kimataifa, kama zile za tiketi.

Sasa fikiri. Jedwali limeandika kwamba maji yatapwa 10:00. Hiyo ni saa nne asubuhi. Mtu asiyejua atasoma saa kumi. Atangoja mpaka jioni, halafu ataanza kutembea kuelekea kwenye mwamba. Amekosea kwa saa sita. Na saa sita ndizo zinazotenganisha maji kupwa na maji kujaa! Alidhani atakuta pakavu, na kumbe anaingia wakati bahari iko juu kabisa. Kwa mfano wa pili, aliyeko nje tayari akidhani kwamba bado ana saa sita za kutembea, maji yatamkuta mbali na ufuko.

Ndiyo sababu tunasema: toa sita. Na ukiwa na shaka, muulize mwenyeji. Mzee wa Jambiani haitaji karatasi. Jedwali analo kichwani.

MAJI HUJA KWA NYUMA

Mtu wa milimani anajua mafuriko. Husikia mngurumo wa mto, halafu huyaona maji yakija kutoka juu. Kwa hiyo akiwa baharini hutazama mbele, kwenye mwamba, akingoja maji yaje kama ukuta. Hapo ndipo hukosea.

Maji yakianza kujaa, huingia kimya. Huingia kupitia milango iliyo kwenye mwamba, kisha hujaza kwanza mabonde na mifereji iliyo chini. Mengi ya mabonde hayo yako kati yako na ufuko, nyuma ya mgongo wako. Wewe umesimama juu ya mchanga mkavu, unaokota kombe na kufurahi. Kumbe pale ulipopita mwanzo, maji sasa yanafika kiunoni. Baada ya muda yatafika kifuani. Na wengi wetu tuliozaliwa mlimani hatujui kuogelea.

Shika kanuni hizi:

1. Toka ufukweni saa moja au mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa.
2. Maji yakigeuka, nawe geuka. Usingoje.
3. Usiende peke yako. Nenda na mwenyeji, na urudi anaporudi.
4. Usikaribie mlango wa mwamba, maana mkondo pale una nguvu.
5. Vaa viatu vyako vya mpira. Kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano. Kuna pia samaki afananaye na jiwe, ambaye miiba yake ina sumu.
6. Watoto wasiachwe peke yao hata pale ambapo maji yanafika magotini.

Jua nalo ni adui wa mgeni. Mchanga mweupe na maji hulirudisha jua usoni kwako. Tembea asubuhi. Saa za adhuhuri kaa kivulini na unywe maji.

SHAMBA LILILO CHINI YA MAJI

Sasa twende pamoja na wakulima. Ni saa tatu asubuhi na maji yanapwa. Akina mama wanatoka vijijini kwa makundi. Wamebeba kamba na magunia. Wanakwenda kwenye mashamba ya mwani.

Mwani ni mmea wa baharini. Kazi ya kuulima ilifanyiwa majaribio Zanzibar miaka ya 1980. Mmoja wa wataalamu waliouchunguza sana mwani wa nchi yetu ni Profesa Keto Mshigeni, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani.

Mkulima hupigilia vigingi vya miti katika mchanga. Kati ya vigingi hufunga kamba. Kwenye kamba hufunga vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kama wewe unavyopanda miche ya kahawa kwa mstari. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa umekua. Mkulima huuvuna, huuanika juani mpaka ukauke, na kuuza. Kahawa yako hupelekwa nchi za nje, na mwani wao vivyo hivyo. Viwanda hutoa ndani yake ute unaofanya vitu viwe vizito. Ute huo hutiwa katika vyakula, katika dawa ya meno na katika vipodozi. Pengine mwani wa Paje umepita kinywani mwako bila wewe kujua.

Wengi wa wakulima hawa ni wanawake. Kwa fedha za mwani wamelipia masomo ya watoto, wamenunua bati na vyombo vya nyumba. Lakini fedha hizo hazipatikani kwa urahisi. Mkulima huinama saa nyingi ndani ya maji ya chumvi, jua likimpiga mgongoni. Na anapozichukua mwani wake, bei hupangwa na mnunuzi aliye mbali. Mkulima wa kahawa anaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kuna shida nyingine. Mwani ni wa aina mbili. Aina moja ina bei nzuri kuliko nyingine, lakini haistahimili joto. Maji ya karibu na ufuko yamekuwa ya moto kupita kiasi. Mwani huo hugeuka mweupe, hulegea na kukatika. Ni kama chulebuni inavyoharibu kahawa mtini kabla ya mavuno.

Watafiti wamejaribu kusaidia. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko Zanzibar, amewafundisha wakulima kupanda mwani ndani ya nyavu za mfano wa bomba, katika maji yenye kina, ambayo hayapati moto sana. Lakini kwenda kwenye kina kunataka chombo, na kunataka kujua kuogelea. Wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea utotoni. Wengine wameongeza thamani ya mwani kwa kutengeneza sabuni. Wauzapo sabuni, bei wanapanga wenyewe.

Mwani si kazi pekee ya ufuko huo. Utaona wanawake wakitafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa kutumia kijiti. Utaona mashimo yaliyofunikwa kwa mawe katika mchanga. Ndani yake yamo makumbi ya nazi, yameloweshwa kwa miezi mingi. Yakilainika, hupondwa ili kupata usumba, na usumba husokotwa kuwa kamba.

MGENI NA MWENYEJI

Fikiri kuwa mtu usiyemjua ameingia katika shamba lako la kahawa. Anakanyaga miche. Anavunja matawi ili atazame maua. Anakupiga picha ukiwa umeinama, halafu anaondoka bila kukuamkia. Utamwambia nini?

Sasa wewe ndiye mgeni. Ufuko unaouona kama uwanja wa kupumzikia ni shamba la mtu. Kigingi unachotaka kukitumia kuanikia shati ni mpaka wa shamba lake. Kwa hiyo, kabla hujapita, amkia:

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi?"

"Nimetoka Arusha, upande wa Meru. Nimekuja kutembea. Naomba kupita."

"Pita huku, fuata mchanga. Usikanyage kamba. Na maji yakianza kuingia, turudi pamoja."

Maneno machache hayo yamekupa vitu viwili: njia ya kwenda na mtu wa kurudi naye.

Wenyeji wa pwani hiyo wengi wao ni Waislamu. Ukitoka ufukweni na kuingia kijijini, vaa nguo za heshima. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba ruhusa. Ukitaka kununua samaki, sabuni au kamba, nunua kwa mwenye kuvitengeneza.

Leo hoteli nyingi zimejengwa katika pwani hiyo. Paje pia panajulikana kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa. Watalii huleta kazi na fedha. Lakini maji wanayochezea ni yale yale wanayolima akina mama. Ni lazima kila upande ujue mpaka wake.

Watu wa Meru mnaelewa neno hili. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa kwa niaba ya watu wake. Mtu ambaye wazee wake waliona uchungu wa kunyang'anywa shamba hawezi kukanyaga shamba la mwenzake kwa kutojua.

KURUDI NYUMBANI

Siku zako zimekwisha. Umeota jua, umeona bahari ikienda na kurudi, umekula pweza wa nazi. Usichukue matumbawe wala kombe hai kama zawadi. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Nunua kamba ya usumba au sabuni ya mwani.

Ukifika nyumbani, majirani watakuuliza, "Ulileta nini?" Waonyeshe sabuni. Kisha waeleze juu ya shamba ambalo mwenye nalo huliona kwa saa chache tu kila siku, na juu ya saa ambayo haisimami kumngoja mtu. Waeleze pia jinsi hesabu ndogo ya kutoa sita ilivyokurudisha salama.

MANENO MAPYA

Bamvua: siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana.
Chulebuni: ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado changa mtini.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ufuko mtupu.
Maji mafu: siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana.
Makumbi: maganda ya nje ya nazi.
Matumbawe: mawe yanayojengwa na viumbe vidogo vya baharini.
Ngalawa: chombo cha tanga chenye miti ya kukizuia kisipinduke, moja kila upande.
Usumba: nyuzi zitokazo katika makumbi.

MASWALI

1. Tiketi imeandikwa 09:30. Je, hiyo ni saa ngapi kwa hesabu yetu?
2. Leo maji yamefika mwisho wa kupwa saa 3:30 asubuhi. Kesho yatafika mwisho huo karibu saa ngapi?
3. Kwa nini ni hatari kutazama mbele tu unapotembea kuelekea kwenye mwamba?
4. Taja mambo mawili yanayofanana kati ya kilimo cha mwani na kilimo cha kahawa.
5. Kwa nini mwani wa bei nzuri unakufa karibu na ufuko?

KAZI YA KIKUNDI

Jadilini darasani: Katika kijiji chenu zamu ya maji ya mfereji hupangwaje? Nani huumia zamu isipofuatwa? Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya jambo hilo, kisha azisome mbele ya wenzake. Halafu, kwa wiki mbili, tazameni mwezi kila usiku na mchore umbo lake katika daftari. Andikeni siku ambazo, kule Jambiani, mnadhani ni za bamvua.